Binti wa Mwokaji Aliyesema Hapana Altareni

Asubuhi ambayo dada yangu Casilda alitakiwa kuweka nadhiri za daima, mama alikuwa ameshaingiza wanakondoo wawili kwenye tanuri la mikate, na mji mzima wa Villarmenta, kwetu Hispania, ulikuwa umevaa nguo za sikukuu. Kwa kawaida ibada kama ile hufanyika Palencia, kwenye nyumba kuu ya shirika, lakini paroko wetu aliomba ifanyike kwetu. Alisema si haki watu waliouguzwa na Casilda wasimwone siku yake.

Na kweli hapakuwa na nyumba ambayo hakuwahi kuingia. Masista wake walikaa karibu na kinu cha ngano, wakazunguka mlango kwa mlango kuwaosha wagonjwa, kufunga vidonda na kuchoma sindano. Wenzake walikuwa watu wa kunong'ona. Casilda ungemsikia toka mtaa wa pili. Mzee Ponciano fundi viatu, aliyeogopa sindano kuliko mauti, alikuwa akimkatalia kugeuka, naye humwambia mbele ya mkewe, "Geuka, mzee. Hayo makalio nimeshayaona, hayana jipya." Mzee hucheka, na kabla hajamaliza kucheka sindano imeshatoka. Baba alipenda kukisimulia kisa hicho akiwapimia watu mkate. Hakuwa mtu wa kujisifu, lakini kwa Casilda alijisifu.

Kanisa likajaa mpaka mlangoni. Mwakilishi wa askofu akaketi mbele ya altare, Casilda akapiga magoti, na yule padri akauliza kama ilivyoandikwa, "Binti, unaomba nini?"

Jibu sote tulilijua, maana nilimsikiliza akilirudia jikoni wiki nzima. Alitakiwa kusema anaomba kuwekwa wakfu kwa Mungu katika shirika lile mpaka kufa. Hakusema. Kimya kikawa kirefu, mtu mmoja akakohoa, padri akainama akamuuliza tena kwa upole, akidhani amesahau.

"Naomba mnisamehe," dada akasema. "Siwezi."

Hakusema kwa sauti kubwa. Nyuma nikasikia bibi mmoja akiuliza, "Kasema nini?" na swali hilo likapita benchi hadi benchi, kasema nini, kasema nini, na kila lilipofika watu wakawa kama mawe. Nilimtazama mama: mdomo wazi, mkono umebaki hewani kana kwamba alitaka kujipungia upepo akasahau. Baba akasimama. Akaitoa kofia yake mfukoni, akaivaa kichwani mlemle ndani ya kanisa, jambo ambalo sikuwahi kumwona mwanamume yeyote akilifanya, akatoka kwa mlango mkubwa bila kupiga goti.

Hakuna aliyekwenda kufungua tanuri. Harufu ya nyama iliyoungua ilitanda uwanjani mpaka jioni.

Nyumbani, mama alilia kwanza, kisha akauliza kama kuna mwanamume. Casilda akasema hakuna. Mama akauliza kama masista walimtesa. Hapana. Mama akasema basi ni wazimu, na wazimu kwetu hakuna, labda ni wa upande wa baba. Baba alikuwa amekaa kwenye gunia la unga. Ndipo Casilda alipotoa neno lililotuduwaza kuliko lile la kanisani. Alisema anataka kwenda kwa Waklara.

Lazima nieleze kwa nini tulipigwa na butwaa. Monasteri ya Waklara iko mwisho wa mtaa wetu. Tangu nizaliwe tuliwapelekea mkate, na tangu nizaliwe sikuwahi kuona uso wa hata mmoja. Unaweka mkate kwenye pipa la mbao lililojengwa ukutani, unagonga, sauti inasema "Salamu Maria safi kabisa," pipa linazunguka, mkate umekwenda. Ukibahatika linarudi na vitumbua vya lozi. Aliyeingia mle alikuwa haonekani tena mpaka afe, na hata akifa huzikwa mlemle. Casilda, aliyekuwa akiitwa na mji mzima kwa jina, aliyeshindwa kunyamaza hata kwenye mazishi, ndiye huyo alitaka kwenda kukaa nyuma ya pipa.

Tulipobaki wawili nikamwuliza tangu lini. Akasema miaka. Akasema mwanzoni hakulitambua. Aliona tu kwamba ile nusu saa ya alfajiri kabla ya misa, wanapokaa kikanisani bila kusema kitu, ndiyo aliyoisubiri mchana wote. "Nikimwosha mgonjwa mikono inafanya kazi," aliniambia, "ila mimi nimebaki kule. Wanasema natoa, natoa. Mimi naona kama nachota kisimani mwa wengine kupeleka kwa wengine, na hicho kisima mtu lazima akae nacho." Alimweleza mama mkuu wake, Sista Leocadia, akajibiwa kwamba huo ni uvivu uliovaa shela. Akamweleza padri wa kitubio, akaambiwa asitazame nyuma. Akaamua kutii. Aliamini mpaka dakika ile ya swali kwamba atajibu kama alivyofundishwa.

"Mdomo ulikataa, Obdulia," akasema. "Nami nilishtuka kama ninyi."

Kwa kuwa nadhiri zake za muda zilikuwa zimekwisha muda wake, hakufungwa na chochote. Kesho yake Sista Leocadia alikuja kuchukua kanzu na shela. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mikono mizuri ya kazi. Alizikunja zile nguo juu ya meza yetu polepole, akaniambia mimi, si Casilda, kwamba kuna vitanda mjini ambavyo siku hiyo havitatandikwa. Kisha akaondoka.

Nilimsindikiza dada kwa Waklara. Chumba cha wageni kilikuwa na wavu mzito wa chuma, na nyuma ya wavu pazia jeusi, na nyuma ya pazia sauti ya mwanamke mzima aliyekuwa na mafua. Ndiye Mama Abesi, mkuu wa monasteri. Nilidhani atafurahi, maana masista wengi walikuwa wazee. Hakufurahi.

"Unakimbia nini, binti?" akauliza.

"Sikimbii, Mama."

"Wote husema hivyo." Akapenga kamasi. "Wapo wanaokuja hapa wamechoka na watu. Humu ndani wanakuta watu walewale, tena hawana pa kuwakwepea. Nenda kwa baba yako. Fanya kazi naye mpaka baridi iishe. Ukirudi ukiwa bado na kinyongo na masista wako, sifungui."

Basi Casilda akakaa nyumbani majira yote ya baridi, akikanda unga na baba. Watu waliokuja kununua mkate walimtazama kama aliyerudi kutoka gerezani. Baadhi ya wagonjwa wake walimgeuzia uso. Mke wa Ponciano alimwambia wazi, "Tulikupenda, ukatutema." Casilda akakubali kwa kichwa, akampimia mkate.

Baba hakumsemesha mpaka karibu na Kwaresima. Walikuwa wakitoa mikate, mimi nafagia, akasema bila kumtazama, "Mkate haukai tanurini, mwanangu. Unatoka, unaliwa. Wa kukaa ndani unageuka mkaa. Ulikuwa mkate mzuri wewe."

"Na tanuri, baba," Casilda akasema, "nalo hutoka?"

Baba akaliweka koleo chini. Nilidhani atampiga. Pembe ya mdomo ikamcheza kidogo, kisha akakumbuka kwamba amekasirika, akaokota koleo lake. Hawakuongea tena jambo lile.

Baada ya Pasaka Casilda akarudi kwenye wavu na safari hiyo Mama Abesi akafungua. Niliona mlango ule ukifunguka mara moja tu, kwa ndani, na mstari wa masista wenye mishumaa, nyuso zimefunikwa. Mama alikuwa ameshikilia mkono wangu hadi kucha zikaniingia. Baba hakuja. Lakini kuanzia siku hiyo alinikataza kupeleka mkate wa monasteri. Alipeleka mwenyewe. Aliweka, akagonga, akasubiri lile pipa lizunguke, akaondoka bila kujibu salamu.

Mwaka ukapita. Casilda akavishwa shela nyeupe ya wanovisi, wale walio bado kwenye majaribio kabla ya nadhiri. Tuliruhusiwa kumwona mara chache, au tuseme kumsikia, maana pazia halikuondolewa. Sauti yake ilikuwa imeshuka. Nilipomwuliza kama amekipata alichokitafuta, alicheka kidogo akasema wamempa kazi ya kutunza kuku, na kwamba kikanisani husinzia, na kwamba ule utamu wa alfajiri aliokuwa nao kule kwa masista wa kwanza umekwenda likizo tangu alipoingia. Nilishangaa. Nikamwuliza sasa anabaki kwa ajili ya nini. Akasema swali hilo huliuliza kila siku na kila siku anajikuta bado yupo, na hana huzuni.

Wiki chache kabla ya mavuno, baba alianguka mbele ya tanuri. Kiharusi. Upande mzima wa kulia ulikufa na maneno yakamwishia kinywani kama tope. Daktari alisema huenda atakwenda siku yoyote, huenda akakaa. Mama hakuweza kumgeuza, alikuwa mzito mno. Masista wa kwanza wa Casilda walituma mmoja wao, msichana mwenye haya, naye baba alimsukuma kwa mkono wake mzima, akamwaga beseni.

Nilikimbia kwa Waklara. Sikwenda kumwomba Casilda atoke. Nilijua hawatoki. Mji mzima ulikuwa unajua hadithi ya Sista Consolación, mmoja wa Waklara hao, ambaye baba yake alifia mtaa wa pili, naye akasikia kengele ya msiba akiwa kwenye kwaya, akaendelea kuimba. Watu waliisimulia kwa heshima, lakini pia kwa baridi fulani mgongoni. Nilitaka dada ajue, basi, asali.

Nilimweleza dada yote mbele ya pazia. Kisha nikasikia sauti ya Mama Abesi, ambaye sikujua kwamba naye yupo.

"Wewe bado ni mnovisi," alimwambia dada yangu. "Hujafungwa. Mlango huo hufunguliwa kwa ndani. Lakini ukitoka umetoka, Casilda. Unovisi wako umekufa hapo. Kurudi ni lazima masista wapige kura upya, nami siwezi kukuahidi kura ya mtu."

"Unanishauri nini, Mama?"

"Sikushauri. Nitasali upande wowote utakaokwenda."

Nilisubiri. Nilisikia viatu vya kamba vikienda, mlango, kisha hakuna kitu. Nikaona nimeshapeleka habari, sina zaidi, nikatoka barabarani. Sikufika hata kwenye kona. Nyuma yangu komeo likalia, na nilipogeuka Casilda alikuwa amesimama juani kwa gauni lake la kahawia aliloingia nalo, nywele zimekatwa kama za mvulana, anafumba macho kwa mwanga. Mwanamke aliyekuwa akichota maji akaacha ndoo ifurike mpaka maji yakamfika miguuni.

"Twende," Casilda akaniambia. "Usinitazame hivyo, nitaanguka."

Alipoingia chumbani, baba alimwona, na jicho lake zima likatoka kama la mtu aliyeona mzimu. Akahangaika na ulimi mpaka likatoka neno moja: "Umetoka."

"Nimetoka, baba."

"Nani... kakuruhusu?"

"Hakuna. Inua mkono, nikuvue shati."

Alimwuguza mavuno yote mpaka zabibu zikaiva. Na hapa ndipo nilipomwona dada yangu wa zamani, tena zaidi. Alimgeuza baba kama anageuza mtoto. Alimfundisha kumeza upya, kijiko kwa kijiko, supu ya kitunguu saumu yenye mkate uliolowa. Aliimba vibaya. Alimtania, "Baba, umekuwa mvivu kama Mklara," naye baba akacheka kwa nusu ya mdomo, mate yakamtoka, na Casilda akayafuta bila kukatiza wimbo. Majirani wakaanza kupita tena. Hata mke wa Ponciano alikuja na mayai, akasimama mlangoni akimtazama, akalia.

Sista Leocadia naye alikuja. Aliangalia mgongo wa baba, ambao haukuwa na kidonda hata kimoja licha ya kulala muda wote ule, akaangalia shuka, akaangalia dada. Akamwambia kwamba alikosea kumwita mvivu, na kwamba mahali pake pako wazi, angeweza kuweka nadhiri Krismasi, kimya kimya, bila kondoo. Kwa mwanamke kama yule lilikuwa jambo kubwa. Casilda alimshika mikono akamshukuru. Hakujibu ndiyo wala hapana, sisi sote tukahesabu ni ndiyo. Mama alianza kupangusa kile chumba chake cha zamani akiimba. Nami nilijiambia, Mungu ameandika kwa mkono uliopinda, lakini ameandika: huyu ni muuguzi, ukuta ulikuwa homa, imepita.

Baba hakutuuliza tunafikiri nini. Siku moja alasiri, nikimlisha tini, alinishika kifundo cha mkono akasema, kwa yale maneno yake yaliyokatika, kwamba Casilda atarudi ndani. Nikamwambia hapana, baba, ametoka. Akatikisa kichwa. "Anasali," akasema, "akinikausha vidole. Namwona." Kisha akafungua kinywa apewe tini nyingine.

Alikufa zabibu zikiwa kwenye mashinikizo ya divai. Casilda alimwosha peke yake, hakutaka msaada. Tulimzika chini ya mvua nyembamba, na tuliporudi, watu wakiwa bado sebuleni na glasi zao za pombe ya anisi, dada alivua aproni akasema anakwenda kwa Waklara kuomba arudishwe.

Nilimvuta hadi ghalani, kati ya magunia, nikamwambia mambo mengi, mengine siwezi kuyaandika. Nikamwambia nimemwona kwa macho yangu akiwa na furaha. Nikamwambia hata kipofu angeona kazi yake ni ipi.

Aliniacha nimalize. "Ni kweli nilikuwa na furaha," akasema. "Ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini? Sikuelewi."

"Mdogo wangu, nilipotoka kwa Sista Leocadia nilikuwa nimechoka, na nimeudhika, na sikujua kama namfuata Mungu au nawakimbia watu. Hata kule ndani sikujua. Nililala na swali hilo, nikaamka nalo. Sasa nimeuguza na nimependa kila siku yake. Sikimbii kitu kibaya. Naacha kitu kizuri. Tofauti yake sikuwahi kuijua."

Nilikaa juu ya gunia. Sitasema kwamba nilielewa. Nilihisi kama mtu aliyepewa kitu akanyang'anywa kabla hajakifungia vidole.

Mama hakumuaga.

Masista walipiga kura kwa maharage, meupe kwa kukubali, meusi kwa kukataa. Siku ya majibu nilimsindikiza tena kwenye kile chumba. Alikuwa amefunga kitambaa kichwani na mkononi ana kifurushi cha nguo za ndani, tayari kuingia. Pazia lilikuwa limefungwa kama siku zote. Mama Abesi hakutusalimia, nikajua kabla hajasema.

Walimkataa.

Nimeona watu wakipokea habari za msiba, lakini uso kama ule wa dada yangu sijauona tena. Haukulia. Ulikuwa mtupu, kama ukuta baada ya picha kuondolewa. Mimi ndiye niliyepiga kelele. Nikauliza hao watu wana moyo wa namna gani, ikiwa kosa lake ni kumwuguza baba yake basi waifute Injili.

"Tulia, mwanangu," Mama Abesi akaniambia. "Unamjua Sista Consolación? Alisimama mbele ya wenzake akasema, 'Kama huyu anaweza kutoka na kurudi, basi nami ningeweza. Basi baba yangu alikufa peke yake bure.' Hakusema kwa chuki. Alitetemeka. Baada ya hapo wazee wengi wakaweka jeusi. Kila mmoja ana baba yake."

Hapo hasira yangu ikakosa pa kusimama. Nilimfikiria yule bibi akiimba kengele ikilia, na miaka yote ile juu yake. Casilda akauinamia wavu, akashika chuma kwa vidole vyake.

"Mwambie Sista Consolación hakufanya bure," akasema. "Mwambie mimi nimesema hivyo."

Tulirudi nyumbani. Alipanda kitandani na nguo zake, akageukia ukutani, na kwa siku kadhaa alikunywa maji tu. Sista Leocadia aliposikia alikuja tena, akaketi ukingoni mwa kitanda, na ninaamini alikuwa tayari kumbeba mgongoni mpaka Palencia. Casilda akamwambia angekwenda naye kama angeweza, na kwamba kwenda kwa sababu mlango mwingine umefungwa ingekuwa kumtukana yeye na wagonjwa wake. Yule mwanamke mkavu akambusu kwenye paji la uso, nami nikabaki nimeduwaa na kikombe mkononi.

Aliyelifumbua fumbo hilo ni Mama Abesi. Alikuwa anaifahamu monasteri moja ndogo kule milima ya León, Waklara pia, maskini sana, paa linavuja, masista wachache na karibu wote wagonjwa. Aliwaeleza habari yote bila kuficha, kwamba binti huyu alikataa nadhiri altareni, akaingia, akatoka, akakataliwa. Wakajibu kwamba kama anajua kupanda ngazi aje.

Nilikwenda naye kwa treni, kisha kwa gari la maziwa. Theluji ilikuwa imeshaanza. Mlango ulifunguliwa na sista kibogoyo aliyemtazama juu mpaka chini akasema, "Huyu ndiye? Ana mabega mazuri." Casilda akacheka, cheko lake lile la zamani lililosikika mpaka barabarani. Akanikumbatia haraka, akaingia. Alianza unovisi tangu mwanzo, akaumaliza, akaweka nadhiri. Mama alikwenda siku hiyo, akakaa benchi la mbele, na padri alipouliza swali nilimwona amefumba macho kwa nguvu, meno yameumana, mpaka jibu lilipotoka.

Miaka ikasonga. Nilikuwa nakwenda kumtembelea kila baada ya mavuno, mimi na mume wangu Abundio aliyelirithi tanuri la baba. Tulizungumza kupitia wavu wenye pazia. Halafu kule Roma ukafanyika ule mtaguso mkubwa wa maaskofu, na sheria nyingi zikalegezwa, na mwaka mmoja nilipofika nikakuta pazia hakuna wala wavu hakuna. Ni meza tu, na mwanamke mfupi mwenye miwani amekaa upande wa pili. Sikumtambua. Aliponishika mkono niliruka. Kiganja chake kilikuwa kigumu kama cha baba.

Mama alipougua ugonjwa wake wa mwisho, nilimpasha Casilda habari bila kuomba kitu, kama siku ile nyingine. Siku mbili baadaye alishuka kwenye basi hapa Villarmenta akiwa na sista mwenzake mzee na karatasi yenye sahihi ya askofu. Alikaa na mama mpaka mwisho, tukamzika, na hakuna aliyepiga kura wala aliyepoteza kitu.

Baada ya mazishi nilimwonyesha ile karatasi niliyoikuta mezani. Nikamwambia, tazama, sahihi moja. Akaichukua, akaisoma kama aliyekuwa hajaisoma, na ghafla akaanza kucheka, akacheka mpaka akalazimika kukaa chini na kuvua miwani. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekasirika kwa niaba yake. Nilimwambia kama wangeibadilisha sheria mapema kidogo, kama angesubiri.

"Baba asingesubiri," akasema, akijifuta macho.

Nikamwuliza kama Sista Consolación alikuwa hai kuiona sheria mpya. Alikuwa hai, akasema. Aliomba ruhusa ya kwanza kabisa kutoka katika monasteri ya mtaani kwetu, akatembea mtaa wa pili hadi mahali nyumba ya baba yake ilipokuwa, akakuta duka la redio. Akasimama kidogo, akarudi. Habari hiyo sikuwahi kuisikia, nami naishi hatua chache kutoka pale.

Asubuhi niliwasindikiza wote wawili kwa basi mpaka Palencia. Casilda alilala njia nzima, mdomo wazi, kama mtu yeyote aliyetoka msibani. Mwenzake hakuacha kutazama dirishani. Mpaka safari hii alikuwa hajatoka tangu kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Tulipoingia mjini alinivuta mkono wa koti akaniuliza kwa mnong'ono vile vyuma vilivyosimama juu ya mapaa ni vya nini. Nikamwambia ni vya televisheni.

"Na hiyo ni ya nini?"

Nikamwambia watu hujifungia ndani jioni nzima wakiitazama. Akayapitisha macho kwenye mapaa, moja baada ya jingine.

"Wote?" akauliza.